Mwisho wa Lami, Uongozi Mpya

Kibao wamekipaka upya, ila fundi alibania rangi:
chini ya UONGOZI MPYA bado unasoma
KWA BUGINGO BIA BARIDI NA SATO,
kama kovu chini ya shati jepesi.

Nilifika Kayenze Jumamosi, saa saba na nusu,
suruali vumbi hadi magotini.
Nilikuja makusudi, nichukie.

Miaka kumi na tisa nilikula hapa.
Bugingo hakuwa na menyu. Alikutazama usoni
akakuambia utakula nini.
"Wewe leo furu wa kuchemsha. Umekonda."
Ukibisha unaletewa furu walewale,
na pilipili zaidi.
Macho yalipomwisha, mwanawe alimchukua Nansio.
Kivuko kiliondoka asubuhi, wengi wetu tumelala.

Sasa kuna menyu. Imetiwa plastiki.
Ina picha ya samaki ambaye, naapa, si wa ziwa hili.
Kuna kijana wa aproni, Malimi,
anayesema "karibu tena" kabla hujala mara ya kwanza.
Viti vimevalishwa vitambaa, vitambaa vimefungwa kamba,
na upepo wa ziwa unazifungua kamba hizo
moja moja, bila haraka.

Nikaagiza sato.
"Wa ziwani au wa kizimba?"
Malimi akaenda kuuliza jikoni.
Akarudi: "Wa kizimba, mzee. Lakini kizimba kiko ziwani."
Nilicheka, kisha nikajilaumu.

Dakika arobaini.
Nilihesabu minandi juu ya lile jiwe
walilolipaka chokaa kwa mavi yao: kumi na mmoja.
Chini pale mwanamke aligeuza dagaa kwa ufagio,
polepole, kama anayefagia sarafu
na hataki zigongane.

Sahani ikaja.
Ugali wa sembe, mweupe, umefinyangwa kwa bakuli,
umekaa kama kofia ya mgeni.
Ule wa Bugingo ulikuwa udaga na mtama,
ulikushika vidole kama mtoto asiyetaka uondoke.
Tango limekatwa maua. Maua!
Samaki nilimngoja akosee.

Hakukosea.
Ngozi ilivunjika kwa sauti,
nyama ya mgongoni ilitoka na ndimu ndani yake.
Nilikula kichwa. Nikanyonya jicho.
Nilikasirika sana.

Ndipo akatoka mwenyewe, Nyanzobe,
nesi mstaafu wa Sengerema, miwani kifuani,
daftari mkononi.
"Nilinunua jengo, friji, mbuzi wawili, na hili.
Naambiwa wewe ni wa zamani. Nisomee watu."

Nikasoma, kidole kina mafuta.
Masalu, sahani mbili: yuko Geita, machimboni.
Mwalimu Kasase, soda: alifariki
mwaka ule maji yalipopanda mpaka mlangoni.
Bituro, sangara nusu: yupo. Anakukwepa.
Akafuta mmoja, akazungushia mwingine.
Ukurasa wa tisa, mwandiko umeanza kupinda:
*Ndaki. Furu. Katoka kumzika mama. Asidaiwe.*

"Huyu je?"
"Huyu ni mimi."
Akavaa miwani, akasoma tena.
"Kama hakutaka kudai, kwa nini aliandika?"
Mwanamke wa dagaa alikuwa amefika mwisho wa turubai,
akaanza tena.
Sikuwa na jibu. Sina hata sasa.

Nyanzobe akaitazama sahani yangu.
"Ugali umeuacha."
"Wa sembe."
Hakujitetea. Akalamba ncha ya kalamu,
akaandika kitu ambacho sikukiona.
"Jumamosi utakula udaga," akasema,
na hakungoja niseme kama nitakuja.

Malimi alileta chenji. Imepungua mia mbili.
"Sina ndogondogo, mzee."
Nikamwambia: andika.